PF3 ya Mtoto Iko Wapi?

Mtoto anayefikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua huulizwa maswali mengi. Au tuseme ukweli, mzazi wake ndiye huulizwa. Amekunywa nini? Saa ngapi? Ametapika? Ana kilo ngapi? Ana bima? Na kama mtu wa mapokezi amesikia neno "sumu", linakuja lile kubwa kuliko yote: PF3 iko wapi?

Kuna swali moja ambalo sikulisikia. Nilikaa wiki kadhaa pembeni ya meza ya mapokezi, katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya mkoa ambayo sitaitaja, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Nilisikia watu wakiulizwa majina ya wenyeviti wa mitaa yao. Sikusikia mtoto hata mmoja akiulizwa: ilikuwaje mwanangu, mpaka ukafika hapo?

Najua nitaambiwa nawaonea manesi, kwa hiyo nianze na wanachokifanya vizuri. Miaka ishirini iliyopita nchi hii haikuwa na idara ya dharura kwa maana kamili ya neno hilo. Aliyegongwa na gari na mwenye homa ya siku tatu walikaa benchi moja, wakiitwa kwa namba. Januari 2010 Muhimbili ikafungua idara ya kwanza ya umma ya aina hiyo, na mwaka huohuo chuo chake kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa magonjwa ya dharura. Baadaye, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 ukajenga majengo ya dharura hadi kwenye wilaya ambazo zamani mgonjwa mahututi alikuwa wa kuombewa tu. Nimeona kazi inayofanyika humo. Nimeona nesi akitafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyekauka kama kuni, akaupata mara ya kwanza, huku anamtuliza mama kwa sauti ileile ya kuongelea bei ya nyanya. Mwili wa mtoto, wakishaupata mikononi, wanaupigania.

Lakini mapambano yanaishia kwenye mwili. Sumu ikishatoka, mapigo ya moyo yakishatulia, mtoto akishaomba chai, kazi imekwisha. Anapewa ruhusa, na kitanda kinahitajika.

Nitaeleza kisa kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Binti wa kidato cha pili aliletwa na shangazi yake kwa bodaboda, amekaa katikati, kichwa kimelalia mgongo wa dereva. Mapokezi wakauliza amekunywa nini, shangazi akajibu haraka mno: "Alidhani ni maji." Binti wa miaka 14, aliyekulia katika nyumba ambayo dawa ya kunyunyizia mashamba inanuka tangu mlangoni, alidhani ni maji. Karani aliandika. Hakuna aliyeinua uso. Wote pale mezani, pamoja na mimi na dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri hela yake, tulijua si kweli, na wote tulielewa kwa nini shangazi amesema vile.

Walimtibu vizuri. Kesho yake asubuhi daktari alipita na wanafunzi wawili, akafungua pazia, akasoma faili, akamtazama. "Wewe binti, mapenzi yatakuua. Soma kwanza." Wanafunzi wakacheka. Shangazi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeona hatari imepita pembeni yake. Binti akageukia ukutani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kama kuna mapenzi yoyote. Saa nane mchana akaruhusiwa. Kwenye kitabu cha MTUHA mstari wake unasomeka kama ya wenzake: umri, jinsi, kijiji, sumu, ameruhusiwa, hali nzuri.

Hayo maneno mawili ya mwisho yamenikalia kooni. Hali nzuri kwa kipimo gani? Shirika la Afya Duniani linasema kilicho mbele ya vyote katika kumtabiri mtu atakayejiua ni kwamba aliwahi kujaribu. Madaktari wa akili wanajua pia kwamba siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kuliko nyingine. Maana yake, mtoto aliyeko kwenye kitanda kile ni mmoja wa watoto walio karibu zaidi na kifo katika mkoa mzima, na yuko mikononi mwetu, macho yamefunguka, anaweza kuongea. Tunampa karatasi ya ruhusa na kumrudisha nyumba ileile, chumba kilekile, na chupa ile inawezekana bado iko chini ya meza.

Sasa turudi kwenye PF3, kwa sababu uongo wa shangazi ulianzia hapo.

PF3 ni fomu ya polisi. Wengi tunaijua kupitia ajali na ugomvi. Viongozi wametangaza mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate baadaye, na katika hospitali niliyokaa walikuwa wanajitahidi kufuata hivyo. Lakini swali huulizwa, na kwa mzazi aliyembeba mtoto aliyekunywa sumu, swali hilo tu linatosha. Anajua fomu inatoka kituoni. Anajua kituoni atakutana na askari. Na hata kama hajawahi kusoma sheria maishani mwake, anajua kuna kosa hapo.

Kosa lipo kweli. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania Bara, kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kanuni hiyohiyo, kifungu cha 15, inamkinga na jinai mtoto aliye chini ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 12 mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua alichofanya ni kosa. Baada ya hapo hana kinga. Kwa hiyo binti yule, akiwa na dripu mkononi, alikuwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa wakati mmoja. Utaniambia hakuna anayemshtaki mtoto wa miaka 14 kwa kujaribu kujiua. Vizuri. Kama hatuitumii, tunaiweka ya nini? Sheria isiyotumika mahakamani inafanya kazi mapokezi. Inamfundisha shangazi kusema "alidhani ni maji". Inamfundisha karani kuandika hivyo. Inamfundisha mtoto, ambaye anasikia kila kitu hata akiwa amefumba macho, kwamba alichofanya ni cha kufichwa. Na mwisho wa mwaka takwimu zinapojumlishwa, mtoto huyo anahesabiwa miongoni mwa waliokunywa sumu kwa bahati mbaya, na mtu wa wizarani anasoma jedwali na kuandika pendekezo kuhusu vifuniko vya chupa.

Halafu sheria yenyewe si ya kwetu. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930. Waingereza hao walifuta kosa hilo nyumbani kwao Agosti 1961. Miezi minne baadaye, tarehe 9 Desemba, wakashusha bendera yao hapa na kuondoka, na kifungu wakatuachia. Tumebadilisha majina ya mitaa, tumebadilisha katiba zaidi ya mara moja, tumebadilisha hata jina la nchi. Kifungu tumekitunza kama sahani za wageni kabatini. Ghana, waliorithi kosa hilohilo kwa mkoloni huyohuyo, walilifuta mwaka 2023. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na katiba, katika shauri ambalo tume ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa akili wa Kenya walikuwa miongoni mwa waliolifungua. Sidhani kama Wakenya wameanza kujiua kwa wingi kwa sababu polisi wamepunguziwa kazi.

Kinachonichosha zaidi ya sheria ni maneno. "Watoto wa siku hizi wanadeka." Nimelisikia mapokezi, nimelisikia kwenye daladala nikimweleza rafiki ninachosomea, nimelisikia kwa mjomba wangu ambaye ni mtu mwema na mstaafu wa ualimu. Sisi tulichapwa na hatukunywa sumu. Sisi tulitembea kilomita saba kwenda shule. Tuchukulie ni kweli, kwamba watoto wa leo hawana ustahimilivu. Basi tuone wanavumilia nini.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walisema walipata ukatili wa kimwili: ngumi, mateke, viboko vya kupitiliza. Hizo ni nyumba zetu na shule zetu. Sasa mchukue mtoto mmoja kutoka kwenye hesabu hiyo, mlaze kwenye kitanda cha dharura, na muulize kilichomsibu huku mtu aliyemleta amesimama kichwani pake ameshika mfuko wa nguo. Yawezekana aliyemleta ndiye anayempiga. Yawezekana ni mume wa aliyemleta. Mtoto atajibu nini? Atajibu "hakuna kitu", na sisi tutaandika hakuna kitu.

Ndiyo maana neno "mapenzi" linatufaa sana. Ukisema mapenzi, umeshapata sababu, na sababu yenyewe ni upumbavu wa mtoto. Hakuna mtu mzima wa kuhojiwa.

Wapo watoto ambao hawakunywa chochote, na hao wana mateso yao. Wasichana wa bweni wanaoletwa wamezimia, au wanatetemeka, au wanapiga kelele, watatu wanne kwa mara moja kwenye gari la shule. Nyumbani wanasema wamepandisha mashetani. Hospitali wanasema wanaigiza. Nimeona wakifinywa kifuani kwa knaki za vidole ili "waamke", na nimeona nesi akimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Huyu hana kitu, muache hapo achoke." Kama ni kuigiza, basi ni igizo la zamani. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya misheni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kabla shule haijafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wakicheka, wakilia, wakihangaika kwa saa au siku. Madaktari walioandika kisa hicho mwaka 1963 walitafuta virusi, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakupata. Leo dunia inakikumbuka kama kichekesho, ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika, mada nzuri ya kujibia chemshabongo. Wasichana wenyewe walikuwa bwenini, mbali na nyumbani, na nchi ilikuwa na umri wa chini ya miezi miwili. Vipimo vya damu vya watoto wale tunavijua kuliko tunavyojua walichokuwa wanaogopa.

Hoja ninayoiheshimu ni moja tu, na inatoka kwa wenye kazi. Daktari mmoja kijana aliniambia usiku, tukiwa tunakula chipsi mayai nje ya geti: "Sawa, nimuulize. Akinijibu, nifanyeje? Daktari wa akili wa kumpeleka yuko wapi?" Ni swali la haki. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, takribani nusu tukiwa chini ya miaka 18, na bingwa wa afya ya akili ya watoto ni mtu ambaye mikoa mingi haijawahi kumwona. Rufaa ya kwenda Mirembe, Dodoma, kwa familia inayoishi kwa kibarua ni nauli ya watu wawili na wiki za kutofanya kazi, na jina lenyewe la Mirembe mtaani ni tusi. Kwa hiyo daktari yule haulizi, kwa sababu hataki kufungua jeraha asiloweza kulishona.

Ila jibu lipo, na lilipatikana katika idara za dharura za nchi ambazo hazikuwa na utajiri wa kutisha. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika miji mitano, Campinas ya Brazil, Chennai ya India, Colombo ya Sri Lanka, Karaj ya Iran na Yuncheng ya China, na matokeo yakatoka 2008. Walichukua watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida ya hospitali zao. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja hivi kabla ya kuruhusiwa, kuhusu kilichowafikisha pale na pa kukimbilia kikirudi tena, kisha wakafuatiliwa mara tisa ndani ya miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa, na mtu mwenye ujuzi fulani wa afya. Hawakupewa dawa mpya. Hawakulazwa wodi maalumu. Baada ya miezi hiyo 18, waliokuwa wamejiua katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la waliopigiwa simu, asilimia 0.2.

Haukuwa utafiti wa watoto peke yao, na nyingine zilizofuata hazikupata tofauti kubwa kiasi hicho kila mahali. Wanaonifundisha takwimu wangenikata maksi nisingesema hilo. Lakini hata ukigawanya faida ile mara nne, nitajie kitu kingine katika bajeti ya hospitali kinachookoa uhai kwa bei ya vocha.

Na kuuliza si lazima iwe mahojiano. Huko Marekani, watafiti wa taasisi yao ya taifa ya afya ya akili walitengeneza maswali manne mafupi kwa ajili ya watoto na vijana katika idara za dharura, wakayachapisha 2012. Kwa lugha yetu ya kawaida yanauliza kama hivi karibuni umetamani ungekuwa umekufa, kama umeona ndugu zako wangekuwa na nafuu wewe usipokuwepo, kama umekuwa na mawazo ya kujiua, na kama umewahi kujaribu. Huchukua muda mfupi kuliko kupima presha. Hofu kwamba ukimuuliza mtoto utamtia wazo imechunguzwa mara nyingi na haijathibitika. Mtoto aliyekunywa sumu jana wazo analo tayari. Kinachohitajika zaidi ni kumtoa shangazi nje kwa dakika tano. "Mama, naomba utusubiri hapo kwenye benchi, kuna vipimo nafanya." Nesi yeyote wa nchi hii anajua kumtoa mtu nje. Wanatutoa kila siku, wakati wa kusafisha wodi.

Tena si kweli kwamba serikali yetu haijui kumhudumia mtoto chini ya paa moja. Mwaka 2011, kwenye hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyefanyiwa ukatili anakutana na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja bila kuzungushwa mjini na fomu. Bara navyo vikafuata. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali za mikoa zina maofisa ustawi wa jamii. Nilikokuwa mimi, wake alikuwa na ofisi nyuma ya jengo la utawala, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani hawezi kulipa bili. Watu tunao. Chumba tunacho, au kona yenye pazia. Hatujaamua tu kwamba mtoto aliyejaribu kufa anastahili kuletwa kwenye kona hiyo.

Na wasituambie tusubiri tutajirike kwanza. Oktoba 2021, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa akili wa watoto na umoja wa hospitali za watoto, walitangaza kwamba afya ya akili ya watoto wao ni dharura ya kitaifa. Huko mtoto anaweza kulala idara ya dharura siku kadhaa, kwenye chumba kisicho na dirisha, mlinzi mlangoni, akisubiri kitanda cha wodi ya akili. Wana mabingwa wengi kuliko sisi na bado watoto wamekwama mlangoni. Ninachojifunza kwao ni kwamba tukijenga vitanda tu, tutajenga foleni. Hatuna sababu ya kupitia njia waliyopotelea.

Ninachodai hakihitaji mkopo. Kifungu cha 217 kifutwe, na kabla hakijafutwa, Wizara ya Afya na Jeshi la Polisi waandike waraka wa ukurasa mmoja kwamba mtoto aliyejidhuru haombwi PF3, basi. Kitabu cha MTUHA kiongezwe safu moja inayotofautisha aliyekosea chupa na aliyeichagua. Mtoto aulizwe akiwa peke yake, na aliyemleta aambiwe kwa lugha ya wazi kwamba dawa za mashamba na vidonge vya bibi viondoke mahali mtoto anapovifikia, leo, kabla hawajalala. Aondoke na namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure, imeandikwa kwenye kitu kingine zaidi ya karatasi ya ruhusa, maana karatasi ya ruhusa inabaki kwa mlinzi getini. Na apigiwe simu. Wiki ya kwanza, halafu tena, halafu tena.

Hilo la simu sikulitoa vitabuni peke yake. Katika kitengo kile kuna nesi wa zamu za usiku, mama wa makamo, ambaye tangu kabla sijafika anazo namba kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Hakuna aliyemtuma. Anaandika jina la kwanza, namba ya mzazi, na tarehe. Usiku ukitulia anatoka kwenye ngazi za nyuma anapiga, kwa vocha yake. Nilimsikia: "Shikamoo mama. Mimi sista wa hospitali, yule wa usiku ule. Mtoto anaendeleaje? Anakula? Hebu mpe niongee naye." Halafu kimya kirefu, anasikiliza, anasema "ee", "ee mwanangu", "na mwalimu je?", mpaka salio linakata.

Mganga mfawidhi halijui daftari hilo, na aliniomba nisimwambie, kwa sababu anaogopa ataulizwa kwa idhini ya nani anatoa namba za wagonjwa nje ya mafaili. Alinionyesha ukurasa mmoja. Baadhi ya namba zilikuwa na alama ya vema pembeni, moja, mbili, mpaka tano. Tatu hazikuwa na alama yoyote. Kila akipiga hazipatikani. Moja ilikuwa ya shangazi wa yule binti. Hajazifuta. "Watu wanabadilisha laini, mdogo wangu," aliniambia, akafunga daftari akarudi wodini.